Mwavuli wa Kuazima, Ubeti wa Pili

Tsuruoka, 4 Novemba

Dada Chinatsu,

Najua barua huanza na hali ya hewa, lakini hii nikianza na hali ya hewa nitaishia hapo hapo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kwa miaka miwili nimesikiliza kila wimbo wa kundi lenu, Suzunari, na sijaweza kuisikia sauti yako hata mara moja.

Mnaimba wasichana kumi na tisa kwa pamoja, na nyuma yenu kuna ngoma na vinanda. Huwa nafumba macho, nabana spika za masikioni kwa mikono miwili, nakutafuta. Kwenye video nakuona, safu ya tatu, karibu na ukingo, mdomo wako unafunguka kama wa wenzako. Kwenye wimbo sikupati. Mama akiniuliza, "Umemsikia dada yako?" huwa najibu ndiyo. Nimedanganya muda wote huo, na jana ndiyo nimeona aibu kweli, kwa sababu jana nimesoma habari.

Wameandika kwamba Suzunari watatoa albamu ya nyimbo za zamani, kuanzia ujana wa Babu mpaka mwaka niliozaliwa mimi, na kwamba wimbo wa nne, "Mwavuli wa Kuazima", utaimbwa na Chii peke yake. Chii ni wewe. Nilikuwa maktabani, zamu yangu ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Nilikaa sakafuni kati ya historia na jiografia mpaka mwalimu akaja kuniuliza kama naumwa.

Wimbo huo ulikuwa wa Orihara Ruri. Unajua maana yake hapa nyumbani. Lile koti jekundu lililo juu ya kabati la taulo, lenye jina la Ruri mgongoni, Babu hajawahi kutusimulia habari zake. Tunajua tu kwa rafiki yake Mzee Togashi kwamba Babu alikuwa kiongozi wa kikosi cha mashabiki wa Ruri, tawi la Sendai, alipokuwa huko akijifunza unyozi. Na tangu ulipopanda treni kwenda Tokyo, hajalitaja jina lako. Husema "yule wa Tokyo". Redio ya kinyozini kwake inatoa besiboli tu. Muziki ukianza, anaizima.

Bado sijamwambia. Niambie nifanyeje.

Samahani kwa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nakuwa bubu, hata na wewe.

Mdogo wako,
Fumino


Tokyo, 11 Novemba

Fumi, mtoto wa maktaba,

Umenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani, Kotoe, akanirushia mto. Kwa hiyo miaka miwili unamtafuta dada yako ndani ya wimbo kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani? Usijali. Hata mimi sijisikii. Fundi wa studio aliniambia sauti yangu ni ya kujazia, kama wali chini ya samaki. Nikamwambia bila wali hiyo si sushi. Akacheka sana. Hakuipandisha.

Na usiombe radhi kwa kuandika. Tuandikiane hivi hivi, mimi napenda. Simu zimenichosha, siku hizi siongei sana.

Sasa sikiliza. Unajua Machi kuna "kuhitimu". Neno zuri, eti? Likishatamkwa, watu wanalia, unapewa maua, unavaa gauni refu, na kesho yake huna kazi. Safu ya tatu yote inaogopa Machi. Bi. Sonobe, meneja wetu, hasemi kitu, anatutazama tu kama mtu anayechagua nyanya. Wimbo huu ndio kitu pekee nilicho nacho, Fumi. Ukipendwa, nabaki. Usipopendwa, andaa maua.

Na wimbo wenyewe una jambo la ajabu. Ubeti wa pili, baada ya mstari wa "nitaurudisha mwavuli siku isiyo na mvua", muziki unanyamaza. Inabaki fidla moja, kwa mbali, kama imesahauliwa pale. Halafu mwimbaji anaingia tena. Bwana Kuwabara, mtayarishaji wetu, anasema wazee walisahau kuweka kitu, anataka pajazwe kinanda na mimi niunganishe mistari moja kwa moja. Mimi sitaki pajazwe. Nahitaji sababu ya kumpa, na sababu anayo mtu mmoja tu ninayemfahamu.

Muulize. Najua. Muulize hivyo hivyo. Mwambie yule wa Tokyo anauliza.

Chinatsu


Tsuruoka, 19 Novemba

Dada Chinatsu,

Nimemuuliza. Nilingoja Jumapili, Mzee Togashi akiwa kwenye kiti na povu mpaka masikioni, kwa sababu Babu hawezi kuondoka akiwa ameshika wembe. Nilikuwa nafagia. Nilisema nikiutazama ufagio.

"Babu, yule wa Tokyo anauliza kitu."

Wembe ukasimama hewani.

"Anauliza kwa nini 'Mwavuli wa Kuazima' una kimya katikati ya ubeti wa pili."

Mzee Togashi akafungua jicho moja, akamwambia Babu, "Kuni, hilo swali ni lako. Mjibu mtoto."

"Nyamaza nisikukate."

"Nikinyamaza utamjibu?"

Babu akanyoa shavu lote la kushoto. Nilidhani yameishia hapo. Kisha akasema, akikiambia kioo, "Kimya gani? Hapakuwa na kimya pale. Pale palikuwa petu."

Haya ndiyo aliyosema, nimeyaandika kama nilivyoyasikia. Ruri alikuwa na pumzi fupi. Ubeti wa pili ni mrefu, na mtunzi alikataa kuupunguza. Kwenye kumbi ndogo watu wa mbele walimsikia akihema, na wengine walicheka. Basi vijana wa Sendai wakakubaliana: akifika kwenye "mvua", wote wapige kelele jina lake mara tatu, kwa nguvu zote, ili avute pumzi bila mtu kumsikia. Baadaye tawi la Niigata likaiga, halafu nchi nzima. Mtunzi alipoona, akaurekodi wimbo upya na kuacha nafasi wazi. Kwenye sahani ya santuri panasikika patupu. Ukumbini hapakuwahi kuwa patupu.

"Kuni ndiye aliyekuwa na filimbi ya kuwapa ishara," Mzee Togashi akasema. "Alipiga kelele mpaka akakosa sauti ya kukaribisha wateja. Bosi wake akamfukuza."

"Hakunifukuza. Alinipa likizo."

"Ya miezi minne."

Babu akacheka kwa pua. Dada, sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka ndani ya duka. Akaniambia pia habari za tepu za karatasi walizokuwa wakirusha jukwaani, za rangi zote. Usiku wa kabla ya onyesho walikaa kuondoa kile kibomba kigumu cha katikati, tepu baada ya tepu, ili hata moja isimgonge. "Mgeni akirusha yenye kibomba, tulimtoa nje kwa kola," alisema.

Halafu akauliza, "Anautaka wa nini wimbo huo?"

Nikasema amepewa auimbe peke yake. Uso wake ukafunga. Akaenda kuchemsha taulo, na taulo zilikuwa zimeshachemka.

Fumino


Tokyo, 26 Novemba

Fumi,

Nimempa Bwana Kuwabara barua yako aisome. Yote, mpaka kwenye kola. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Basi tusiguse." Nafasi inabaki. Ungekuwa hapa ningekubeba mgongoni kuzunguka studio.

Sasa naomba jambo moja, na ni wewe tu unayeweza. Mashabiki wetu hawajui desturi hiyo. Watainua vijiti vyao vya mwanga pale, wapunge polepole, wanyamaze kwa heshima, na mimi nitasimama mbele yao nikihema kama mbwa kwenye joto la Agosti. Msanii hawezi kuomba apigiwe kelele, ni aibu. Lakini wewe una kalamu. Andika kwenye ukurasa wa mashabiki, bila jina lako. Waeleze kama ulivyonieleza mimi. Mara tatu: Chii, Chii, Chii. Kwa nguvu. Wasiache pengo hata la kupitisha sindano.

Albamu nitakutumia ikitoka tu.

Chinatsu


Tsuruoka, 9 Desemba

Dada Chinatsu,

Niliandika. Niliandika mara tano kabla ya kuituma, na nilipoituma nilizima simu nikaenda kuoga. Nilipoiwasha, watu wengi walikuwa wameshaipitisha. Mwanamume mmoja wa Kumamoto amejirekodi akifanya mazoezi ndani ya gari lake, mtoto wake yuko kiti cha nyuma amejiziba masikio. Mwingine amechora mpangilio: safu za mbele zinaanza, za nyuma zinapokea. Wanasema yeyote aliyeandika maelezo yale lazima awe mzee wa miaka sabini. Nilifurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahi. Nilidhani nimekusaidia.

Juzi albamu ikafika. Nilifunga mlango, nikazima taa ili nisikie vizuri, nikaruka nyimbo tatu za kwanza.

Dada, nimekusikia. Ni sauti ile ile iliyokuwa ikinisomea maandishi ya boksi la maziwa asubuhi nikiwa sijaanza shule. Nililia, na nikakasirika kwa sababu kulia kunaziba masikio. Nikaurudia bila spika za masikioni, sauti ya juu, kwa kuwa nilidhani Babu yuko nje anaondoa theluji.

Alikuwa mlangoni, na taulo begani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu alikuja akapiga magoti mbele ya spika, yeye ambaye magoti yake hayakubali hata mkeka.

"Hapo. Mwisho wa 'mvua'. Sikiliza."

Nilisikiliza. Sauti yako inachanika kidogo pale, kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Nilikuwa nimeipenda sehemu hiyo kuliko zote. Nilisema, "Anaimba kwa hisia."

"Na sisi tulisema hivyo hivyo," akasema Babu. "Huyo haimbi kwa hisia. Huyo anaumwa."

Kisha akanimalizia habari aliyoikata kinyozini. Ruri hakuwa na pumzi fupi tu. Koo lake lilikuwa linaharibika, na mwaka ule liliharibika mji baada ya mji. Lakini hakuna aliyesikia, si daktari wa kampuni, si mtunzi, wala mama yake aliyekuwa amekaa safu ya kwanza, kwa sababu kila alipofika mahali pa kusikika, vijana mia tatu walipiga kelele. Mjini Akita, Ruri alifungua mdomo baada ya kelele zao na hakikutoka kitu. Wakadhani ni hisia. Wakaongeza kelele. Hakuimba tena.

"Tuliogopa karatasi imuumize," alisema.

Mimi ndiye niliyewafundisha mashabiki wako, Dada. Tafadhali niambie kama unaumwa. Tafadhali nijibu upesi. Ndani ya albamu kulikuwa na tiketi ya kushikana nawe mkono baada ya onyesho, nimechagua Sendai, tarehe 12 Januari. Ni mbali mno kungoja mpaka siku hiyo.

Fumino


Tokyo, 14 Desemba

Fumi,

Ni mafua. Desemba kila mtu ana mafua. Babu amemsikia Ruri ndani ya king'ora cha gari la taka, usimwendekeze. Miaka miwili hanitaji, halafu ananipima koo kwa spika?

Wimbo unapendwa. Bi. Sonobe amenitazama leo kama nyanya nzuri. Usiniharibie.

Njoo Sendai, upige kelele.

Chinatsu


Tsuruoka, 17 Desemba

Chinatsu,

Sina mkono wa kuandika barua, nitakuwa mfupi.

Niliacha kukutaja kwa sababu kila nikitaja jina lako nasikia ukumbi wa Akita. Lilikuwa kosa la mzee, wewe huna hatia nalo.

Unaingiza hewa kwa mabega, inasikika. Mwenye koo zima huingiza kwa tumbo. Anayeinua mabega anakwepa maumivu. Nimenyoa shingo za watu miaka hamsini, najua shingo inayoficha kitu.

Umeimba vizuri. Ningependa kukusikia tena ukiwa na miaka arobaini.

Usile vya baridi.

Babu yako,
Kunihiro


Tokyo, 25 Desemba

Fumi,

Barua ya Babu naibeba kwenye mfuko wa koti la mazoezi. Nimeisoma chooni, kwa sababu bwenini hakuna mahali pa kulia peke yako.

Haya. Ni vinundu, kwenye nyuzi za sauti. Niligundua mwisho wa Oktoba, nilienda kwa daktari peke yangu, mtaa wa mbali, nimevaa barakoa na kofia. Alisema wiki sita bila kuimba, na bila kuongea kadiri ninavyoweza, na nikianza sasa vitapona vyenyewe. Nikiendelea kuimba, hawezi kuniahidi kitu. Ndiyo maana nilifurahia barua zako. Kila mtu ananipigia simu, wewe tu ndiye uliyenipa ruhusa ya kunyamaza, na hukujua.

Ndiyo maana pia sikutaka nafasi ile ijazwe. Nilikuficha. Nisamehe kwa hilo, lakini kwa hilo tu.

Kwa sababu sitaacha. Maonyesho madogo ya albamu yanaanza Januari, Sendai ya kwanza, kisha miji minane mpaka mwisho wa Februari. Orodha ya watakaohitimu Machi inaandikwa katikati ya maonyesho hayo. Nikipumzika wiki sita sasa, wimbo wa nne atapewa Kotoe, na Kotoe anaujua, nimemsikia akiuimba bafuni, na anauimba vizuri. Nitahitimu nikiwa nimenyamaza. Utakuwa umenisikia mara moja tu, kwenye chumba chenye giza.

Usimwambie Mama. Usimwambie mtu. Mashabiki wako wanapiga kelele vizuri ajabu, tulifanya jaribio dogo Yokohama, sikusikika hata kidogo. Bi. Sonobe alikuwa mita mbili nyuma yangu na hakujua.

Wewe ndiye uliyenijengea mahali pa kujificha, Fumi. Usinitoe.

Dada yako


Tsuruoka, 12 Januari

Dada Chinatsu,

Sijui kama utaisoma barua hii. Naandika kwa sababu wewe hukuweza kusema chochote leo, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilisema kila kitu, na si haki ubaki na upande mmoja.

Asubuhi Babu alinipeleka kituo cha basi. Alikuwa na bahasha. Ndani yake kulikuwa na tiketi ya kushikana mkono, ya Sendai. Alinunua albamu yake mwenyewe duka la karibu na kituo, akamwambia muuzaji ni zawadi ya mjukuu wa Mzee Togashi.

"Njoo basi wewe mwenyewe," nikamwambia.

"Nikija, nitapiga kelele. Najijua." Akanibana tiketi mkononi. "Wanasema ukitoa mbili unapewa muda mara mbili. Wewe unachelewa kuanza, zitakufaa."

Hakuniambia niseme nini. Sikuwa nimemsomea barua yako ya mwisho. Nadhani hakuhitaji kusomewa.

Njiani theluji ya mlima Gassan ilisimamisha basi, tukangoja gari la kusafisha barabara. Niliandika maneno yangu kwenye mkono kwa kalamu, kisha nikavaa glavu, yakafutika.

Uliimba ukiwa na gauni la zambarau hafifu. Ukumbi wote ulikuwa wa rangi hiyo kwa vijiti vya mwanga. Ulipokaribia ubeti wa pili, mtu wa kulia kwangu alimgusa mwenzake, "Inakuja, jiandae," kama watoto wanaongoja wimbi. Ukafika kwenye "mvua". Wakapiga kelele. Dada, sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Ilikuwa hasa kama nilivyoandika, safu za mbele zikianza, za nyuma zikipokea. Mimi sikufungua mdomo. Nilitazama mabega yako. Yalipanda mpaka karibu na masikio, yakatetemeka, na mkono wako wa kushoto ukalishika gauni. Wote walikuwa wanakutazama na hakuna aliyekuona. Bi. Sonobe alikuwa pembeni ya jukwaa akitabasamu.

Halafu foleni. Uliniona nikiwa bado mbali, ukanikonyeza. Mbele yangu alikuwa yule mwanamume wa Kumamoto, nimemtambua kwa sauti. Alikuja peke yake kutoka mbali kote huko. Alikuambia, "Chii, umenifanya nimkumbuke mama yangu," na yule kijana mwenye kitambaa cha njano mkononi, ambaye mashabiki humwita Mbanduaji, akambandua kwa bega hali mdomo wake bado uko wazi. Wewe uliitikia kwa kichwa na kutabasamu. Hukuongea. Wote wanadhani una haya.

Nikatoa tiketi zote mbili.

Ukanishika mkono. Kiganja chako kilikuwa cha moto. Uliniambia kwa kunong'ona, "Kelele zako tamu." Kama ungesema kitu kingine chochote, sijui kama ningeweza.

Bi. Sonobe alikuwa nyuma yako na ubao wake wa kuandikia. Nilimtazama yeye. Nilisema, "Mimi ni mdogo wake." Sauti haikutoka, ilitoka hewa tu. Nikaanza upya. Nikasema, "Mimi ni mdogo wake Chinatsu. Ana vinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari alimwambia apumzike wiki sita tangu Oktoba, na hajapumzika. Kelele zile pale katikati, mimi ndiye niliyewafundisha. Zinamficha. Tafadhali msikilize bila kelele."

Nadhani nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu foleni ilinyamaza, na mwenzako wa foleni ya jirani aliacha kushikana mkono na shabiki wake.

Bi. Sonobe alikutazama. Hakutazama ubao. Akakuuliza, "Chii, ni kweli?" Wewe ulifungua mdomo kusema hapana. Nilikuona. Hapana yako ilichanika, na yeye akaisikia.

Mbanduaji akaniwekea mkono begani. Muda ulikuwa umekwisha, hata ule wa Babu. Akanivuta, taratibu, nadhani naye alikuwa amechanganyikiwa. Nilirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na mkono wangu haukuja. Ulikuwa bado umeushika. Ulikuwa unanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwako, hata siku nilipodondosha saa yako kisimani, na hukuachia. Alilazimika kutubandua kidole kimoja kimoja.

Saa moja jioni, nikiwa ndani ya basi, tangazo likatoka. Chii atapumzika kwa ushauri wa daktari. Hawakusema mpaka lini. Hawakusema nani ataimba wimbo wa nne, wala habari za Machi. Kwenye ukurasa wa mashabiki watu wanauliza yule msichana wa Sendai ni nani, na wengine wananitukana. Mwanamume wa Kumamoto ameandika kwamba alikuwa pale, kwamba atarudi kumsikiliza Chii hata ikiwa mwakani, na kwamba atanyamaza.

Umesema nisikutoe. Nimekutoa. Sitaomba radhi, kwa sababu nikiomba nitakuwa nadanganya tena. Ila nitakuandikia kila Jumapili, na wewe huhitaji kujibu.

Nilifika nyumbani. Babu alikuwa bado hajafunga duka, taa zote zinawaka, na hakukuwa na mteja. Redio ilikuwa inatoa muziki, mwanamke fulani, wimbo nisioujua, na hakuwa ameizima.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Aliutazama mlango kwa muda mrefu, kama kuna mtu angeingia. Kisha akanionyesha ufagio. Nikavua koti, nikafagia nywele zote kutoka chini ya viti viwili na nyuma ya kioo, nikazitia kwenye mfuko wa taka, nikaufunga, nikautoa nje kwenye theluji. Halafu nikakaa kwenye kiti cha wateja na kukuandikia.

Fumino